Ile "shhh" kwenye rekodi yako: historia fupi ya priampu

Tuseme umejichanga, umepata maiki, sasa unataka kurekodi podikasti au wimbo chumbani kwako. Unaulizia ushauri, na jibu la kwanza unalopewa ni kwamba bila priampu ya bei mbaya utasikika kama redio yenye betri zilizoisha. Kabla hujagusa hela ya kodi, hebu turudi nyuma zaidi ya miaka 100. Historia ya kifaa hiki inaweza kukuokolea pesa nyingi.

Tuanze na tatizo lenyewe. Maiki ya kawaida ya jukwaani, ile yenye koili na sumaku ndani, haitoi umeme wa maana. Ukiongea kwa nguvu ukiwa karibu nayo, unapata milivolti 1 au 2. Vifaa vinavyopokea sauti hiyo vinataka kama volti 1. Kwa hiyo lazima mtu katikati aizidishe mara 1,000 hivi, yaani desibeli 60. Huyo wa katikati ndiye priampu. Kazi yake ni kuzidisha bila kuongeza takataka zake.

Zamani hakuwepo. Hadi katikati ya miaka ya 1920, santuri zilirekodiwa kwa pembe kubwa. Wanamuziki walijazana mbele yake, na nguvu ya sauti yao ndiyo iliyosukuma sindano ikachora kwenye nta. Hakuna umeme hapo. Mwenye sauti ya chini alikuwa hana lake.

Mlango ulifunguliwa na watu wa simu. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest alitengeneza Audion, kichupa cha kioo ambamo umeme mdogo ungeweza kuamuru umeme mkubwa. Wahandisi wa AT&T wakakiboresha kwa kuondoa hewa vizuri zaidi, na mwaka 1915 mtu wa New York akaongea na mtu wa San Francisco kwa waya. Mwaka uliofuata E. C. Wente wa Western Electric alibuni maiki ya kapasita. Ilinasa sauti vizuri sana, lakini umeme wake ulikuwa dhaifu mno, hivyo ilibidi kikuzaji chenye vali kikae karibu nayo kabisa. Priampu ikazaliwa hapo, kwa lazima wala si kwa anasa. Mwaka 1925 kampuni za Victor na Columbia zilianza kutoa santuri zilizorekodiwa kwa umeme, na pembe ikaanza kwenda zake.

Vali zilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza: zilipotosha sauti. Agosti 1927 Harold Black, mhandisi wa Bell, akiwa kwenye kivuko akielekea kazini, alipata wazo: chukua sehemu ya sauti inayotoka, uirudishe mwanzoni ikiwa imegeuzwa, ili makosa yajisahihishe yenyewe. Akalichora kwenye gazeti alilokuwa nalo mkononi. Mpaka leo karibu kila priampu inatumia mbinu hiyo.

Kasoro ya pili ndiyo ile "shhh". Na hapa ndipo mambo yanaponoga. Mwaka 1928 John B. Johnson na Harry Nyquist, wote wazaliwa wa Sweden waliohamia Marekani, walionyesha kwamba chochote chenye ukinzani wa umeme kina kelele yake, kwa sababu tu kina joto. Elektroni hazitulii. Maiki yenye ukinzani wa omu 150, kwenye joto la chumba, inatoa kelele ya kama maikrovolti 0.22 katika masafa yote tunayosikia. Hiyo ni hata kabla hujaichomeka popote! Hakuna fundi wala chapa inayoweza kwenda chini ya hapo, labda uigandishe maiki yako.

Kwa maneno mengine, tangu 1928 mashindano yana ukuta wa mwisho, na kilichobaki kilikuwa kuusogelea. Transista ilizaliwa Desemba 1947. Mwaka 1966 Neumann walipotengeneza maiki ya transista kwa ajili ya redio ya taifa ya Norway, walichagua volti 48 kwa sababu studio zile tayari zilikuwa na umeme huo kwa taa za dharura. Ndiyo asili ya kitufe cha "48V" unachokiona leo. Mwaka 1970 Rupert Neve akatoa moduli ya 1073, ambayo watu bado wanainakili. Kisha chipu zikaja, na sakiti iliyojaza ubao mzima ikaingia kwenye kitu kidogo kuliko ukucha.

Matokeo yake? Soma karatasi ya vipimo vya intafesi nyingi za bei nafuu. Utakuta kelele ya ingizo kama dBu -128. Ukuta wa Johnson kwa omu 150 ni karibu -131. Ile ya bei ya pikipiki inagombania hizo desibeli 3 zilizobaki.

Sasa linganisha na chumba chako. Chumba cha mjini chenye desibeli 40 za utulivu, kikiingia kwenye maiki ya jukwaani, kinazalisha kama maikrovolti 3 au 4. Kelele yote ya priampu ya dBu -128 ni 0.3 tu. Feni, friji na bodaboda za nje zinaishinda zaidi ya mara kumi.

Mbona basi wengine wanalipa sana? Mara nyingi wanalipia ladha. Vali na transfoma za zamani zinapotosha sauti kidogo, kwa namna inayopendeza masikioni. Ni sababu halali, ila ni suala la kupenda, na huwezi kuita hiyo usafi wa sauti.

Kwa hiyo ukienda dukani, uliza matatu. Je, inakuza angalau desibeli 60? Maiki za koili zisizo na nguvu zinazihitaji zote. Je, kelele ya ingizo ni dBu -125 au chini zaidi? Je, ina volti 48, kama maiki yako ni ya kapasita? Ikijibu ndiyo, inatosha.

Halafu zima feni na usogee. Kutoka sentimita 30 hadi 10, sauti yako inaongezeka karibu mara tatu, kama desibeli 9.5. Hakuna priampu dukani inayokupa tofauti hiyo, na hii ni bure.