Majimaji ya Songea: Jina la Vita na Ushindi wa Uwanjani

Aghalabu historia ya taifa huandikwa kwa majina ya watawala, vita na mikataba. Michezo huachiwa ukurasa wa mwisho wa gazeti, kana kwamba ni mambo ya kupitishia jioni tu. Hata hivyo, yako matukio ya uwanjani ambayo yaliwafanya wananchi wa sehemu fulani wajione upya. Mojawapo ni ubingwa wa Tanzania ulioletwa Songea mwaka 1985 na timu ya mpira wa miguu ya Majimaji. Insha hii yakusudia kueleza habari za ushindi huo, na kuuliza ni urithi gani uliobaki baada ya shangwe kwisha.

Hapana budi kuanza na jina, kwa kuwa jina hilo halikuokotwa njiani. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, vikienezwa na habari za maji ya dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Kabla ya mwaka huo kwisha, Wangoni nao walikuwa wamekwisha kuingia vitani. Maji hayakuzuia risasi. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wengi wa Wangoni mjini Songea, miongoni mwao Nkosi Mputa Gama. Nduna Songea Mbano, ambaye mji wenyewe unaitwa kwa jina lake, aliuawa pia. Kisha ikaja njaa, kwa maana wakoloni waliteketeza mashamba na ghala za chakula, na watu waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa bunduki. Vita vilipokwisha mwaka 1907, kusini palikuwa pamebaki mahame. Lakini makabila zaidi ya ishirini, ambayo hapo awali mengine yalikuwa yakipigana yenyewe kwa yenyewe, yalikuwa yamesimama pamoja dhidi ya adui mmoja. Kwa sababu hiyo taifa huru liliyahesabu Majimaji kuwa chimbuko la umoja wake. Timu iliyojiita jina hilo ilijitwika deni kubwa.

Tuitazame pia hali ya mji. Songea iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam kwa barabara. Reli ya Uhuru hupita Makambako na kuelekea Zambia bila kuigusa Ruvuma. Kwa miaka mingi njia ya kutoka Makambako hadi Songea ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika; lami iliwafikia wenyeji katika miaka ya 1980. Ng'ambo ya Mto Ruvuma vita vya ukombozi wa Msumbiji viliendelea mpaka karibu na uhuru wa nchi hiyo mwaka 1975, na mikoa ya mpakani ilibeba sehemu yake ya mzigo huo. Ruvuma ilijulikana kwa mahindi, tumbaku na kahawa. Kwa habari za kandanda, wachache walioitazamia.

Isitoshe, miaka hiyo ilikuwa migumu kwa nchi nzima. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni ziliadimika, mafuta ya magari yakawa ya shida, na bidhaa za kawaida zikapangiwa foleni. Timu ya mkoani iliyotakiwa kusafiri siku mbili ili kucheza dakika 90 ilihitaji lori au basi, mafuta, chakula na mahali pa kulala. Timu nyingi za mikoani zilitegemea mashirika ya umma, uongozi wa mikoa na michango ya wananchi. Kwa hiyo safari yenyewe ilikuwa kazi ya ushirikiano kabla ya kipenga kupulizwa.

Tangu ligi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1965, ubingwa ulikuwa kama mali ya Dar es Salaam. Sunderland, ambayo baadaye iliitwa Simba, na Young Africans walipokezana kombe, isipokuwa mwaka 1967 lilipochukuliwa na Cosmopolitans, nao pia wa mji huo huo. Mseto ya Morogoro ndiyo iliyovunja mwiko mwaka 1975. Kuanzia mwaka 1982 ikawapo Ligi ya Muungano, iliyozikutanisha timu bora za Tanzania Bara na za Zanzibar. Ni katika ligi hiyo Majimaji walipotawazwa mabingwa mwaka 1985, mwaka ule ule ambao Mwalimu Nyerere alimkabidhi uongozi wa nchi Ndugu Ali Hassan Mwinyi.

Wapo waliodhani kwamba ni bahati ya mara moja. Mwaka 1986 Majimaji wakautetea ubingwa wao na kuushika tena. Mwaka huo huo ubingwa wa Bara ulikwenda kwa Tukuyu Stars wa Wilaya ya Rungwe. Kwa hiyo, katika msimu mmoja, heshima mbili kuu za kandanda zilikuwa katika miji midogo ya kusini. Miaka miwili baadaye Coastal Union ya Tanga nayo ikawa bingwa wa Bara. Ni dhahiri kwamba Songea haikuwa peke yake: mikoa ilikuwa imeamka.

Mashabiki waliwaita wachezaji wao Wanalizombe, kwa jina la lizombe, ngoma mashuhuri ya Wangoni. Lakini waliokaa kuzunguka uwanja hawakuwa Wangoni peke yao. Ruvuma ni nyumbani kwa Wamatengo, Wayao, Wandendeule, Wabena na wengineo, na wote walishangilia timu moja. Yale ambayo mababu waliyajifunza kwa damu, wajukuu waliyatenda kwa furaha.

Je, urithi ulidumu? Mwaka 1998 Majimaji walitwaa ubingwa wa Muungano kwa mara ya tatu. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1985 alikuwa sasa kijana wa miaka 23, aliyekua akijua kwamba bingwa anaweza kutoka mjini kwao. Baada ya hapo mambo yalibadilika. Mashirika mengi ya umma yalibinafsishwa au yakafungwa, fedha zikaanza kuamua mengi katika mpira, na vijana hodari wa mikoani wakavutwa na klabu tajiri. Majimaji walishuka daraja, wakarudi Ligi Kuu katika msimu wa 2015/2016, kisha wakashuka tena mwisho wa msimu wa 2017/2018.

Tusiidharau timu kwa kushuka kwake, wala tusijidanganye kwamba jina tukufu hutosha kuilinda. Wapiganaji wa 1905 waliamini maji yangewakinga, na imani hiyo iliwagharimu maisha. Timu nayo haikingwi na sifa za jana. Hukingwa na uwanja unaotunzwa, mwalimu wa mchezo anayelipwa, hesabu zilizo wazi, na mashindano ya shule yanayoibua vipaji kila mwaka. Pale mambo hayo yanapolegea, kombe hubaki kuwa hadithi ya wazee.

Mwalimu anayefundisha Vita vya Majimaji angefanya vema kuwauliza wanafunzi wake kwa nini mji ulioshindwa vitani ulichagua kuipa timu yake jina la vita hivyo. Songea haikuchagua jina la ushindi wowote. Ilichagua jina la siku ambayo watu wake walisimama pamoja na wakashindwa, na miaka themanini baadaye wana wa mji huo wakalitangaza jina hilo kuwa la mabingwa wa nchi nzima.