Bagamoyo wakati wa jioni: jina la mji na wapagazi wa Usukuma

Aghalabu wageni wanaotembezwa Bagamoyo hutoka nje alasiri, jua likiisha kupungua makali. Huanzia pwani, penye soko la samaki, wakapita Mtaa wa India wenye milango ya nakshi, na magharibi huwakuta kwenye misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioanza kazi yao hapa mwaka 1868. Mwendo wenyewe si mrefu. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Wajerumani katika Afrika ya Mashariki hadi 1891, serikali yao ilipohamia Dar es Salaam. Na katika ukuu ule zimebaki kuta, mojawapo ikiwa Boma la 1897. Waweza kuonyeshwa pia mahali pa karamu ya tarehe 4 Desemba 1889, ambapo Emin Pasha, aliyekwisha kushuka kutoka bara pamoja na Stanley bila kufa, alianguka kutoka dirisha la ghorofani akaumia vibaya.

Walakini katika matembezi hayo liko neno moja ambalo kila kiongozi hulieleza, nalo lastahili kuangaliwa na watu wa lugha kwa makini zaidi kuliko kuta. Ni jina la mji wenyewe.

Maelezo yasikiwayo sana ni kwamba mtumwa, alipofika ufukoni na kuiona bahari, alijua kuwa harudi tena, akauacha moyo wake papo hapo: “bwaga moyo”. Wala hapana awezaye kukana kwamba watumwa walipita Bagamoyo. Lakini lugha hairidhiki na maelezo hayo. Kubwaga ni kitenzi cha mchukuzi. Ni kuutupa chini mzigo uliomlemea mtu begani au kichwani. Kinachobwagwa ni kizito, na akibwagaye hupumua. Aliyekata tamaa tungesema amevunjika moyo, au moyo umemfa. Abwagaye moyo ni mtu aliyetua, roho ikamtulia. Kudondoka kwa w baada ya b si ajabu katika jina lililotamkwa kila siku na watu wa lugha nyingi, ambao wengi wao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao.

Na watu hao walikuwa akina nani? Hapa historia yaisaidia lugha. Katika karne ya 19 bandari kubwa ya kupakilia watumwa katika pwani hii ilikuwa Kilwa Kivinje. Bagamoyo iliishi kwa pembe za ndovu na kwa wapagazi, hasa Wanyamwezi na Wasukuma, walioshuka kutoka bara kwa makumi ya maelfu, wengi wao wakiwa watu huru wanaofanya kazi kwa ujira wa nguo na posho. Mzigo wa mmoja ulikuwa kadiri ya ratili 60 hadi 70. Mtu aliyetembea nao kwa miezi mitatu, kirangozi akiwa mbele na bendera yake, alikuwa na sababu njema ya kuuita mji wa mwisho wa safari mahali pa kutua moyo.

Mgeni atokaye Buhongwa, kusini ya mji wa Mwanza katika barabara iendayo Shinyanga, angeweza kuyasikia maneno hayo kama habari za babu zake. Stanley alitoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 na kufika Kagehyi, ukingoni mwa Nyanza upande wa mashariki ya Mwanza, tarehe 27 Februari 1875. Na mashua yake, Lady Alice, ilikwenda katika vipande mabegani mwa watu. Njiani kila mtawala alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, neno ambalo leo halitajwi ila kwa aibu. (Mtu asiharakishe kulifungamanisha hongo na Buhongwa kwa sababu ya sauti. Bu- ni kiambishi cha Kisukuma kilinganacho na u- ya Kiswahili, kama Busukuma na Usukuma; lakini mfanano wa shina si ushahidi, na kosa la namna hiyo ndilo hasa liletalo hadithi za majina ya miji.)

Jioni humalizikia penye mnara ambamo maiti ya Livingstone ililazwa usiku wa tarehe 24 Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja. Viongozi humsifu marehemu. Yafaa kuwataja pia Chuma na Susi, na wenzao walioichukua maiti kutoka Chitambo, alikofia Mei 1873. Kwa kuwa watu wa njiani hawakupenda maiti ipite katika nchi zao, waliifunga ionekane kama mtumba wa nguo. Siku zile mtumba ulikuwa robota la nguo mpya, la kubebwa na mpagazi mmoja. Leo mitumba ni nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya, zinazouzwa katika masoko ya Mwanza kama kwingineko.

Tangu 2006 njia hii imo katika orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia, kwa jina la njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Katika jina hilo mpagazi hakutajwa, na kiongozi wa jioni, ambaye riziki yake yategemea huzuni ya wageni, hana haja ya kumtaja. Hata hivyo jina la mji huenda ni lake.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora 1912, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Tangu hapo Msukuma aliyetaka kuiona bahari alikata tiketi, na kituo chake cha mwisho hakikuwa tena Bagamoyo.