Waliokwenda Manamba

Neno la Kiingereza "number" lina kazi mbili. Linataja wingi: watu wangapi, magunia mangapi. Tena linatambulisha kimoja kati ya vingi: nyumba hii, gari lile. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, ambao nao walilirithi kutoka Kilatini. Lilipofika kwetu, kazi ya kwanza ilikuwa tayari na wenyewe, "idadi" na "hesabu", maneno yenye asili ya Kiarabu. Kwa hiyo "namba" ikashika zaidi kazi ya pili: namba ya nyumba, namba ya simu, namba ya mtihani.

Kwetu Kasulu na Kibondo ikapata kazi ya tatu. Ikawa jina la mtu.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Mashamba ya Tanga na Morogoro yalihitaji mikono mingi, na wenyeji wa jirani hawakuikimbilia kazi ile ngumu kwa ujira ule mdogo. Huku Buha, serikali ya Waingereza ilidai kodi ya fedha taslimu, na njia za kuipata zilikuwa chache. Reli ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua, na Kigoma ikawa moja ya sehemu ilizozitegemea. Aliyeandikishwa aliingia mkataba, akapewa namba, akasafirishwa kwenda mashariki. Shambani alishika kipande, kadi iliyotiwa alama kila siku ya kazi. Siku 30 za kazi zilipotimia, ndipo alipodai mshahara.

Watu wa namba wakaitwa manamba. Wengine walirudi na blanketi na baiskeli. Wengine hawakurudi, na wajukuu wao wako Tanga mpaka leo.

Bibi yangu hasemi kwamba marehemu babu alikwenda kufanya kazi Tanga. Husema "alikwenda manamba", utadhani Manamba ni mji. Nilipohamia Dar es Salaam kusoma, nililisikia neno hilohilo kama tusi, la kumkumbusha Muha kwamba babu zake walikuwa watu wa kutumwa.

Sasa naandika tasnifu ya uzamili, na nimeshauriwa nitumie "wafanyakazi wa mkataba", kwamba lina heshima zaidi. Nimekataa. Msemo huo unaficha kilichofanyika: watu wenye majina, wana wa koo zinazojulikana, waliingizwa daftarini kama tarakimu.

Isitoshe, sarufi yenyewe imewatetea. Namba ni kitu. Husemwa namba imepotea, namba zimepotea. Lakini sijamsikia mtu akisema manamba zimefika. Husemwa manamba wamefika, kama tunavyosema wageni wamefika, wazazi wamefika. Karani aliwaandika kama vitu. Waliolitumia neno kila siku, sokoni na kambini, wakawarudishia upatanisho wa watu.