Uhariri wa Kiinitete

Yai la mwanamke likisharutubishwa, kiumbe kinachoanza kukua huitwa kiinitete, na baadaye kijusi. Kuhariri kiinitete ni kukata au kubadili vinasaba vyake kikiwa bado maabara, kabla ya kupandikizwa tumboni mwa mama. Chombo kinachotumika zaidi ni CRISPR-Cas9, mkasi wa kimeng'enya uliowapatia Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2020.

Wengine husema "jeni". Mimi hapa nachagua kinasaba, kwa kuwa neno hili limetoka kwenye nasaba, na nasaba ndiyo inayoguswa. Badiliko la kiinitete huweza kuingia hata kwenye mayai au mbegu za uzazi za mtoto huyo, likarithiwa na wajukuu na vitukuu.

Novemba 2018, mwanasayansi He Jiankui wa Shenzhen, China, alitangaza kuzaliwa kwa pacha wa kike aliowahariri wakiwa viinitete. Baba yao alikuwa na VVU, mama hakuwa navyo. He alilenga kinasaba CCR5, mlango ambao virusi hivyo hupitia kuingia kwenye seli. Lakini kusafisha shahawa, njia iliyojulikana zamani, kulitosha kuzuia maambukizi wakati wa kutunga mimba. Tena takwimu zake mwenyewe zilionyesha kwamba mabadiliko aliyoyafanya hayakufanana na lile la asili linalowakinga baadhi ya watu. Watoto wazima wa afya wakabebeshwa hatari isiyo na faida! Desemba 2019 mahakama ilimfunga miaka 3 na kumtoza faini ya yuani milioni 3. Alistahili adhabu hiyo.

Tiba ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 ni jambo jingine kabisa. Seli za uboho wa mgonjwa hutolewa, huhaririwa, kisha hurudishwa mwilini mwake, badiliko halirithiwi. Mgonjwa hukubali kwa ajili ya mwili wake. Nani awakubalie vitukuu?

Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi huzaliwa na selimundu. Mzazi anayesoma "uhariri wa jeni" bila ufafanuzi anaweza kuikimbia tiba halali, au kumwamini tapeli. Kwa hiyo nawaomba wanahabari na wauguzi: semeni "uhariri wa seli za mwili" mnapozungumzia tiba ya mgonjwa, na "uhariri wa kiinitete" mnapozungumzia uzao.