Huduma za afya kwa Wamakonde na Wapemba wa Kwale

Utabibu unaojali mila za mgonjwa mhamiaji huelezwa zaidi kwa mfano wa Marekani, ambako wagonjwa wazungumzao Kihispania hukwama kwa lugha na ambako sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 hutumika kudai mkalimani hospitalini. Kusini mwa Pwani ya Kenya kikwazo kilikuwa kingine. Wamakonde na Wapemba wanaoishi kati ya Msambweni na Vanga, katika kaunti ya Kwale, wanajua Kiswahili kama majirani zao Wadigo. Walichokosa kwa miongo mingi ni kitambulisho, na bila hicho hata muuguzi mwenye heshima kubwa kwa mila zao asingeweza kuwafikisha mbali.

Asili

Wamakonde walitoka kaskazini mwa Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa huko Ramisi, na wengine walifuata baadaye wakikimbia vita. Wapemba ni wavuvi waliovuka kutoka kisiwa cha Pemba.

Kitambulisho na matibabu

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu, si raia peke yake, haki ya kupata afya bora kadiri iwezekanavyo, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kwa hiyo wapo wanaouliza: ikiwa mlango u wazi kwa wote, na tangu Juni 2013 zahanati na vituo vya afya vya serikali viliondoa ada na kujifungua kukawa bure, kitambulisho kilikuwa cha nini? Swali ni la haki, lakini linaishia mlangoni pa zahanati. Ugonjwa ulipozidi uwezo wa zahanati, kulazwa au kupasuliwa katika hospitali ya Msambweni, au kupelekwa Mombasa, kulitaka fedha taslimu au kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya wakati huo. Kadi ilitaka kitambulisho, na hata laini ya M-Pesa ya kupokelea mchango wa ndugu ilikitaka. Mtoto wa mzazi asiye na karatasi alipata cheti cha kuzaliwa kwa taabu, kwa hiyo naye akaurithi upungufu uleule. Kulikuwa na madhara mengine yasiyohesabika kwa shilingi. Baadhi ya Wamakonde walijiandikisha kama watu wa makabila mengine ili waishi kwa amani. Mgonjwa anayeficha atokako hawezi kutazamiwa amweleze daktari dawa za kwao alizotumia wala jamaa waliougua kabla yake, na historia ya mgonjwa ndiyo nusu ya uchunguzi. Ndiyo sababu kutambuliwa kisheria ni sehemu ya tiba yenyewe.

Sheria ya uraia ya mwaka 2011 iliwapa miaka mitano ya kujiandikisha watu wasio na utaifa walioingia kabla ya uhuru, pamoja na vizazi vyao. Muda ulipita wengi wakiwa hawajapata kitu. Oktoba 2016 Wamakonde walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, safari ya ujasiri mkubwa, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho. Februari 2017 walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba walitambuliwa mwaka 2023.

Mila wodini

Kitambulisho humfikisha mgonjwa kitandani. Hakimfanyi aaminike wala aamini. Kotekote Pwani degedege la mtoto limehusishwa na ndege au pepo, na imeandikwa mara nyingi, Kenya na Tanzania, kwamba wazazi wengine huogopa sindano itamuua mtoto mwenye degedege. Hofu hiyo, inayowafanya waanzie kwa mganga, ni ya hatari, kwa kuwa degedege huweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, na saa chache huamua uhai. Wapo wanaoona kwamba kumuuliza mama kuhusu mganga ni kuupa uganga muhuri wa hospitali. Hoja hiyo haina nguvu: mama aliyekemewa safari hii atachelewa zaidi safari ijayo, na aliyeulizwa kwa upole atasema mtoto alinyweshwa nini. Vivyo hivyo mgonjwa wa kisukari anayefunga Ramadhani huhitaji kupangiwa dawa upya kabla ya mwezi kuandama. Onyo lenye uzito ni jingine: kuandika orodha ya mila za kila kabila humgeuza Mmakonde kuwa mchonga vinyago na Mpemba kuwa mtu wa pepo hata kabla hajafungua kinywa. Dawa yake ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe, na hilo halihitaji bajeti.

Hali ya sasa

Tangu Oktoba 2024 SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, imechukua nafasi ya NHIF. Usajili wa mtu mzima bado unategemea kitambulisho.