Urojo Ni Chakula cha Nani?



Kila pakitokea shughuli ya jamii yetu huku ughaibuni, iwe London, Toronto, Dubai au Maskati, meza ya urojo ndiyo ya mwanzo kuzungukwa na ndiyo ya mwanzo kumalizika. Na kila mara, baina ya bakuli la kwanza na la pili, huzuka ubishi ule ule. Mmoja atasema urojo ni wa Wahindi, sisi tumeiga tu. Wa pili atasema ni wetu watu wa Mji Mkongwe, na wengine wote ni wageni waalikwa. Wa tatu atauliza kwa nini mpishi kaweka hiki na hakuweka kile. Ni mzaha, lakini ndani ya mzaha huo mna suali zito: kipi ni chetu, na nani ana haki ya kukiita chake? Watoto wetu waliozaliwa huku wanasikiliza. Kwa hivyo safari hii tumeona bora tulipekue bakuli lenyewe, kitu kimoja kimoja.

Tuanze na rojo lenyewe. Ni unga wa ngano uliokorogwa na kupikwa kwa bizari ya manjano, ukatiwa ukali wa ndimu au embe mbichi. Ngano asili yake ni Mashariki ya Kati. Manjano, ndimu na embe zimetoka Bara Hindi na nchi za Asia zilizo jirani yake. Ndani ya rojo tunatia badia za dengu, na dengu nazo zimetufikia kwa njia ya Bara Hindi. Tunatia mbatata za kuchemsha na kachori. Mbatata ni mmea wa Amerika ya Kusini, na jina lenyewe tumelipata kwa Wareno. Juu yake tunanyunyiza muhogo uliokatwa mwembamba ukakaangwa. Muhogo nao ni wa Amerika ya Kusini. Pilipili ya kuwasha ni ya huko huko Amerika. Chatne ni ya nazi, na mnazi ni mti uliotujia zamani sana kutoka upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi.

Basi tumekaribia kulimaliza bakuli na bado hatujakuta kitu kilichoota kwa asili yake katika ardhi ya Afrika! Lakini msikate tamaa. Wako wanaopika badia za kunde, na kunde ni zao la Afrika tangu enzi na enzi. Na mchuzi wa ukwaju tunaoumwagia juu ya mishkaki, huo ni wa kwetu. Mkwaju ni mti wa Afrika. Waarabu waliuita "tamr hindi", yaani tende ya Kihindi, kwa kuwa waliujua kupitia Bara Hindi, na dunia nzima ikafuata jina hilo. Na sisi tukafanya kosa kama hilo kwa mahindi: tuliyapa jina la Bara Hindi, ilhali yametoka Amerika. Majina ya vyakula hayafai kuwa hati za umiliki.

Tukirudi nyuma zaidi tutaona kuwa mabadiliko haya hayakuanza na Wareno. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Pemba wameonyesha kuwa wakaazi wa mwanzo walitegemea zaidi uwele, kisha mchele ukashika nafasi yake baada ya mwaka 1000 hivi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, pamoja na vitoweo vya kuku, nyama na samaki, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari za ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na embe. Nani kati yetu hataitambua sinia hiyo? Lakini pilipili aliyoila yeye haikuwa hii tuijuayo. Columbus alikuwa bado hajavuka bahari kwenda Amerika (hilo lilikuwa mwaka 1492), na Vasco da Gama hakufika pwani yetu mpaka 1498. Ilipokuja pilipili ya Amerika tuliipa jina lililokuwepo, na ile ya kale tukaitenga kwa kuiita pilipili manga.

Sasa twendeni Forodhani, ambako watu wa mji hushuka jioni kula na kupunga upepo. Jina lenyewe linaeleza kazi ya mahali hapo: hapa ndipo palipokuwa na forodha, mali ikishushwa, ikihesabiwa na kutozwa ushuru. Nyuma yake ipo Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Pembeni ipo Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, na ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Bustani iliwekwa katikati ya miaka ya 1930 na ikaitwa Bustani ya Jubilei. Ilifanyiwa matengenezo makubwa na ikafunguliwa tena mwaka 2009. Mahali palipokuwa pa kuhesabu bidhaa pamekuwa pa kula zile zile zilizoshuka: mishkaki, pweza, mkate wa kumimina, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu.

Na si kula tu. Vijana wanapiga makachu, wakijirusha baharini kutoka ukutani kwa mitindo ambayo kila mmoja anataka kumshinda mwenziwe. Wazee wako barazani na vikombe vya kahawa na kipande cha halua. Kahawa ilitoka Ethiopia, ikapita Yemen, ikaturudia Afrika na jina la Kiarabu. Halua tumeipata Oman. Pale wanacheza keram, mchezo wa Bara Hindi. Pembeni wanacheza bao, mchezo wa Afrika. Na usiku, akitaka mtu taarab, kipo chama cha Akhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, na ndani ya muziki wake zimo ala za Misri na maneno ya Kiswahili. Kama urojo vile vile.

Hapa ndipo wengi wetu husimama, tukafurahi na kusema: tazameni tulivyochanganyika kwa uzuri! Lakini tukisimama hapo tutakuwa tumewasimulia watoto nusu ya hadithi. Si kila kilichoshuka Forodhani kilishuka kwa hiari yake. Karafuu tunayoitia katika pilau iliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Katika miongo michache visiwa vyetu vikawa ndivyo vinavyoilisha dunia, na waliopanda, waliopalilia na waliochuma walikuwa kwa wingi watumwa walioletwa kutoka bara. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe uliondolewa kisheria mwaka 1897. Wajukuu wa watu wale ni sisi pia. Mikono iliyopara muhogo na iliyotwanga bizari katika majiko ya wakubwa ndiyo iliyotufunza ladha tunazogombania leo. Basi anayeuliza kama urojo ni wa Mhindi au wa Mwarabu au wa Mreno, hajawauliza bado wapishi.

Ipo na nusu nyengine tunayoiogopa kuitaja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi waliondoka, wengine kwa meli, wengine kwa majahazi usiku. Waliobaki waliijua miaka ya mgao na foleni, khasa mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele ulipokuwa adimu na muhogo ukawa ndio mkombozi wa nyumba. Walioondoka waliupika urojo bila ya embe mbichi, na waliobaki wakaupika bila ya unga wa kutosha. Pande zote mbili ziliupika kwa kilichopatikana. Leo tunapokutana ukumbini, huku kila mmoja akidai kuwa wake ndio wa asili, huenda tunachogombania ni miaka ile, si chatne.

Kwa hivyo rai yetu ni hii. Mtoto akiuliza urojo ni chakula cha nani, tusimjibu kwa jina la kabila wala la mtaa. Tumwambie ni chakula cha bandari: cha waliokuja kwa biashara, cha waliotekwa wakaletwa kwa nguvu, na cha waliowakuta wote hao wakiwa na kunde zao na ukwaju wao. Tumwambie pia kuwa yeye anayetia ndimu za dukani na viazi vya Uingereza hauharibu urojo. Anafanya walichofanya bibi zake.

Na kwa walio na wazee nyumbani, tunaomba jambo moja. Waulizeni sasa, wakiwa bado wanakumbuka: mwaka fulani, unga ulipokosekana, rojo mlilifanya kwa nini? Andikeni majibu yao kama wanavyoyasema wenyewe, na vipimo vyao vya kikombe na kiganja. Tuleteeni tuyachapishe. Zipo habari za visiwa vyetu ambazo hazimo katika kitabu chochote, na wanaozijua wanazidi kupungua kila mwaka.