Mthibitishaji wa Umma

Mthibitishaji wa umma ni mwanasheria aliyepewa mamlaka ya kushuhudia watu wakitia saini hati na kuthibitisha kwamba nakala inalingana na hati halisi. Jina limetoka kwenye thabiti: athibitishaye hulifanya jambo lisimame imara. Lugha nyingi za Ulaya zilirithi neno la Kilatini notarius, yaani mwandishi. Kiswahili kimeuruka uandishi kikaitazama kazi yenyewe, na hapo kimefanya vizuri.

Kasoro iko kwenye "wa umma". Mtumishi wa umma hulipwa na serikali, ilhali huyu hulipwa na mteja, ofisini kwake. Umma hapa ni watu wote wanaotakiwa kuuamini muhuri wake. Pengine ndiyo sababu sokoni Kariakoo neno hilo halikushika. Anayepanga fremu Msimbazi, anayeuza gari, aliyetakiwa kuambatisha vyeti kwenye maombi ya kazi, wote huambiwa waende "kwa wakili" wakagongewe muhuri.

Usemi huo wa mtaani una usahihi ambao istilahi rasmi hainao. Ufaransa, uthibitishaji ni taaluma inayojitegemea, yenye mafunzo yake mbali na uwakili. Tanzania Bara hausomewi peke yake. Anayeutaka huanza kwa kuwa wakili.

Hatua ya kwanza ni shahada ya sheria. Masomo hayo nchini yalianzia jirani kabisa na soko: Oktoba 1961 chuo kikuu kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Baada ya shahada hufuata Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ambako mhitimu husoma darasani kisha hupelekwa kujifunza kazi mahakamani na katika ofisi za mawakili. Hapo ndipo wengi hukwama. Matokeo yaliyozua mjadala mwaka 2022 yalionyesha wanafunzi 26 kati ya 633 ndio waliofaulu bila kurudia mtihani, na serikali ikaunda kamati ya kuchunguza.

Anayevuka huapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake kuingizwa katika orodha ya mawakili. Ndipo huomba cheti kwa Msajili wa Mahakama Kuu chini ya Sura ya 12 ya Sheria za Tanzania. Cheti hicho humpa vyeo viwili kwa pamoja, mthibitishaji wa umma na kamishna wa viapo. Cha pili ndicho chenye wateja wengi, hasa wale ambao cheti cha kuzaliwa kinasema Mwajuma na cha shule kinasema Mwajabu.

Sheria humtaka aandike kwenye kiapo jina lake, mahali na tarehe kilipoapwa, na humkataza kuapisha katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmojawapo. Muhuri wenyewe hautoshi kuwa ushahidi wa safari hiyo yote, kwa kuwa kuuchonga ni kazi ya saa chache, na vishoka wanalijua hilo. Anayetilia shaka hulitafuta jina la wakili katika e-Wakili, mfumo wa Mahakama ya Tanzania, kabla ya kulipa.